Ramani ya laki tatu, modeli ya milioni mbili: ipi inapoza nyumba?

Anayejenga Dar es Salaam leo hakosi michoro. Ramani za vyumba vitatu zinauzwa kwenye simu kwa laki chache: unachagua picha, unatuma pesa, unaletewa faili, kesho yake umeshamkabidhi fundi. Ukipanda ngazi moja unakutana na wanaochora "3D", nyumba inang'aa jioni, gari limeegeshwa mbele, minazi inapepea. Juu zaidi zipo ofisi zinazojinadi kwa BIM, modeli ya kompyuta inayobeba taarifa za jengo zima, na siku hizi zimeongeza ahadi nyingine: jengo lisilokula umeme. Bei nayo inapanda kutoka laki hadi mamilioni. Hapa nalinganisha ngazi hizo kwa kipimo kimoja tu, joto la chumba cha kulala na uniti za luku, kwa sababu uzuri wa picha kila mtu ana macho yake.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji anibishie vizuri. Nyumba ya pwani inapozwa na maamuzi machache yanayofanyika kabla ya msingi kuchimbwa: imeelekea wapi, upenu umetokeza kiasi gani, madirisha yako upande upi na yanafunguka kiasi gani, chini ya bati kuna nini. Modeli ina thamani ikisaidia maamuzi hayo. Ikija baada ya ramani kupitishwa na kibali kutoka, ni pambo tu, hata ukipewa bure.

Kwanza tuelewane kinachouzwa. Kwenye mchoro wa kawaida ukuta ni mistari miwili. Kwenye picha ya 3D ukuta ni rangi tu, hauna kitu ndani. Kwenye BIM ukuta unajijua: ni wa tofali za inchi sita, umepigwa plasta pande zote mbili, umeelekea magharibi, una dirisha la ukubwa fulani lenye kioo cha aina fulani. Ukisogeza dirisha hilo kwenye plani, sura ya mbele inabadilika, mkato unabadilika, na idadi ya tofali kwenye BOQ, orodha ya vifaa na gharama, inabadilika bila mtu kuhesabu upya. Kwa kuwa modeli inajua eneo, malighafi na mwelekeo wa kila kitu, programu ya nishati inaweza kuichukua, ikaiwekea hali ya hewa ya mji husika, na kukokotoa joto linaloingia na kutoka kwa kila saa kati ya saa 8,760 za mwaka. Injini inayotumika sana kwa kazi hiyo ni EnergyPlus, iliyotengenezwa kwa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, na inapakuliwa bure.

Hapo ndipo mteja anapochanganywa. Wako wanaouza picha za 3D na kuziita BIM, na risiti wanaandika hivyohivyo. Kuwapima ni rahisi. Kaa na mchoraji mbele ya kompyuta yake, mwambie apunguze dirisha la chumba cha watoto kwa sentimita 30, kisha muulize eneo la vioo limekuwa mita ngapi za mraba. Mwenye modeli ya kweli atakujibu papo hapo. Mwenye picha ataomba umrudie Jumatatu.

Jua halijali picha

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho; Desemba limehamia kusini, nyuzi 73. Chukua dirisha lenye urefu wa mita 1.2. Likielekea kaskazini, kivuli kilichotokeza sentimita 70 juu yake kinatosha kulikinga na jua la mchana la Juni. Likielekea kusini, sentimita 36 zinatosha kwa Desemba. Sasa ligeuze dirisha hilohilo liangalie magharibi. Kuelekea saa kumi na nusu alasiri jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, na kulizuia kwa kivuli cha juu kunahitaji kibaraza cha zaidi ya mita mbili. Hakuna anayeweka mita mbili za kivuli juu ya kila dirisha. Dawa yake ni kuzipa magharibi zile sehemu zisizolaliwa: stoo, bafu, ngazi, gereji.

Hesabu hii haihitaji BIM. Mbunifu majengo aliyesoma vizuri anaifanya kwa kikokotoo na karatasi, ndiyo maana mchoro wa kawaida wa mtu anayeijua pwani unaishinda modeli ya gharama kubwa ya mtu asiyejua jua linazama wapi kwenye kiwanja chako. Ramani ya mtandaoni ndiyo isiyo na utetezi kabisa hapa. Haijui kiwanja, haijui kaskazini iko wapi, na anayeuza ramani moja kwa mteja wa Tanga na wa Njombe anauza vitu viwili tofauti kwa jina moja. Tanga unatafuta upepo usiku kucha. Njombe mwezi Julai unalitafuta jua kwa hamu. Dodoma usiku unapoa vya kutosha ukuta mzito ukatoa joto lake na kuanza siku ukiwa baridi, lakini pwani usiku haupoi hivyo, na ukuta uleule uliochomwa na jua la alasiri unaendelea kukupasha saa nne usiku.

Kwa sababu hiyohiyo huwa nashangaa mtu anaposifu Eastgate ya Harare na kutaka kuinakili Masaki. Jengo hilo la mbunifu Mick Pearce, lililokamilika mwaka 1996, linavuta hewa baridi ya usiku, linapoza zege lake, na kuitumia baridi hiyo mchana. Linafanya kazi kwa sababu Harare iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Masaki hakuna baridi ya kuvuta.

Nikae kidogo kwenye paa la kuficha, maana ndilo linalotawala ramani zinazouzwa sasa. Kuta zinapandishwa juu kupita bati, bati linajificha nyuma, nyumba inaonekana bapa na ya kisasa. Sina ugomvi na sura hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba upenu umeondoka. Upenu ndio uliokuwa unaziwekea kuta na madirisha kivuli, ndio uliokuwa unaruhusu dirisha libaki wazi wakati wa masika bila mvua kuingia ndani. Ukiuondoa, jua linapiga kioo moja kwa moja, mvua ikianza watu wanafunga madirisha, na kiyoyozi kinawashwa. Bati lenyewe limelala kwa mteremko mdogo, maji yanapita kwenye mfereji wa ndani, na majani yakiziba mfereji huo dari ya jipsam ndiyo inayokwambia.

Hapa modeli inalipa. Mchora modeli anaweza kuweka nyumba ileile mara tatu: yenye paa la kuficha tupu, yenye paa la kuficha pamoja na vivuli vya zege juu ya madirisha, na yenye upenu wa kawaida, kisha akaziendesha zote kwa hali ya hewa ileile na kukuonyesha joto la chumba usiku wa Februari. Mabishano ya mume na mke kuhusu sura ya paa yanapata tarakimu. Picha ya 3D haiwezi kufanya hivyo. Itazionyesha zote tatu zikipendeza.

Vivyo hivyo kwa kilicho chini ya bati. Bati jeusi au la rangi nzito linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi mchana, na joto hilo linamiminika kuelekea dari. Karatasi ya alumini inayong'aa, ikiwekwa chini ya bati na kuachiwa nafasi ya hewa, inazuia sehemu kubwa ya joto hilo. Bati jeupe likiwa jipya linarudisha angani sehemu kubwa ya jua kabla halijageuka kuwa joto, ingawa vumbi na ukungu hulipunguzia nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Lipi lianze, rangi au karatasi? Modeli inajibu kwa nyumba yako. Mimi ningejibu bila modeli: rangi, kwa kuwa bei ya bati jeupe haitofautiani sana na ya bati la kahawia.

Madirisha ndiyo aibu yetu kubwa. Slaidi za alumini zimeenea kila mahali, na kwa maumbile yake slaidi ya vioo viwili haiwezi kufunguka zaidi ya nusu. Unanunua dirisha la mita mbili, unapata upepo wa mita moja, na wavu wa mbu unaipunguza tena hiyo moja. Dirisha la kufungua kwa bawaba linatoa nafasi karibu yote, na lova za kizamani ambazo vijana wanazicheka zinatoa karibu yote pia. Pwani yetu ina bahati ya pepo mbili zinazojulikana: kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, ndiyo inayokuja katika miezi ya joto kali, kusi inafuata kutoka kusini mashariki. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakifaidi yoyote kati ya hizo, kwa sababu upepo usio na pa kutokea hauingii.

Hesabu ya luku

Sasa pesa. Nachukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, kila kimoja kina kiyoyozi kinachotumia uniti 5 kwa usiku. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo imekuwa karibu shilingi 356 kwa uniti, usiku mmoja ni shilingi 5,340 na mwezi ni 160,200. Tuseme viyoyozi vinafanya kazi miezi minane, kwa kuwa miezi ya baridi kama Julai wengi huzima. Mwaka unakuwa shilingi 1,281,600, kwa kupoza tu, bila friji wala pasi.

Tuseme usanifu mzuri umepunguza theluthi moja ya matumizi hayo, jambo ambalo kwa nyumba iliyokuwa imechorwa bila kujali jua si miujiza. Umeokoa shilingi 427,200 kwa mwaka. Ukimlipa mbunifu laki sita za ziada ili afanye modeli nyepesi na kulinganisha machaguo kadhaa, pesa yako inarudi kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Ukimlipa milioni mbili kwa BIM kamili yenye kila bomba na kila soketi, inarudi kwa karibu miaka mitano. Theluthi iliyookolewa ni ileile, kwa kuwa maamuzi ni yaleyale: mwelekeo, kivuli, paa, dirisha. Ada hizo nimeziweka kwa mfano. Weka za ofisi uliyozungumza nayo, hesabu haibadiliki sura.

Kuna akiba nyingine ambayo haimo kwenye bili. Mafundi wengi wa AC huchagua ukubwa wa mashine kwa kuangalia chumba na kuongeza kidogo "kwa usalama". Chumba chenye kivuli ambacho modeli inaonyesha kinatosheka na BTU 9,000 kinafungiwa 18,000. Umelipa zaidi dukani, na kama si ya inverta, mashine kubwa mno inapoza haraka na kujizima kabla haijakausha unyevu, hivyo chumba kinakuwa baridi na chepechepe. Karatasi moja ya mzigo wa joto kwa kila chumba ni kitu cha kudai.

Na kwa asiye na kiyoyozi? Feni ya dari ya wati 60 ikizunguka saa 10 inakula uniti 0.6, shilingi 214 hivi. Kwa familia ya namna hii, hasa iliyo kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, modeli ya nishati haitarudisha ada yake kwa umeme kamwe. Watakachopata ni usingizi, na usingizi una thamani, ila nisimdanganye mtu kuwa ni uwekezaji. Kwao ningesema: mlipe mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi akupe saa chache za ushauri kiwanjani, na pesa inayobaki inunue bati jeupe.

Kwa nini bei inapaa

Ada ya BIM ina sababu zake, na si zote ni tamaa. Revit ya Autodesk, ambayo ofisi nyingi huitumia, haiuzwi tena kwa kununua mara moja. Unakodi kwa mwaka, na bei ya orodha kwa Marekani imekuwa ikikaribia dola 2,900 kwa mtumiaji mmoja, zaidi ya shilingi milioni saba. Archicad ya Graphisoft, kampuni ya Hungaria, nayo si ya mchezo. Ongeza kompyuta yenye kumbukumbu kubwa na mtu anayejua kuitumia. Ofisi inayokutajia ada ndogo isiyoweza hata kuchangia gharama hizo huenda inatumia programu iliyochakachuliwa, na programu ya namna hiyo haifiki kwenye huduma za uchambuzi wa nishati zinazofanyika mtandaoni kupitia akaunti iliyolipiwa. Matokeo yake unalipia BIM, unapewa michoro.

Njia za bure zipo. FreeCAD inatengeneza modeli yenye taarifa; Blender ikiongezewa Bonsai inafanya kazi moja kwa moja kwenye mfumo wazi wa IFC, ule ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO 16739 na unasomwa na programu za kampuni tofauti. Zinahitaji uvumilivu, na mbunifu mwenye wateja wengi hana muda wa kujifunza kwa gharama yako. Lakini kijana aliyemaliza chuo juzi mara nyingi anazo mkononi, na kwa nyumba ya familia kijana huyo akisimamiwa na mbunifu aliyesajiliwa ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani.

Halafu ipo EDGE, mfumo wa Shirika la Fedha la Kimataifa la Kundi la Benki ya Dunia. Unaingia mtandaoni, unataja mji, unajaza maeneo ya vyumba, aina ya ukuta, paa, vioo na vivuli, na papo hapo unaona asilimia unayookoa kwenye nishati, maji na kaboni iliyomo ndani ya malighafi, ukilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Kuutumia ni bure. Kinacholipiwa ni cheti, ambacho kinadai uokoe angalau asilimia 20 katika kila moja ya hizo tatu. Mwenye nyumba mwenye subira anaweza kuujaza mwenyewe jioni moja akiwa na mkadiriaji wake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko bei yake katika orodha nzima, kwa sababu bei yake ni sifuri. Kasoro yake ni kwamba hauoni upepo wa kiwanja chako wala ukuta wa jirani.

Kasoro hiyo hata BIM inayo, na wauzaji hawaitaji. Faili la hali ya hewa la mji kwa kawaida linatokana na kituo cha uwanja wa ndege, na uwanja wa ndege ni tambarare. Kiwanja cha Sinza kilichobanwa na ghorofa tatu hakipati upepo huo. Maktaba za ukuta zinazokuja na programu zimejaa kuta za Marekani na Ulaya, zenye mbao na sufi ya kioo katikati. Mchoraji asipotengeneza tofali letu la inchi sita, modeli itahesabia nyumba ya Ohio iliyopigwa plasta ya Kimara. Na modeli yenye kila undani mara nyingi husumbua ikihamishiwa kwenye programu ya nishati: pengo dogo kati ya ukuta na slabu linaufanya mfumo udhani chumba kiko wazi. Wataalamu wengi huishia kuchora upya nyumba kama masanduku mepesi ili hesabu ipite. Hiyo ni sababu ya pili ya kutolipia undani usiouhitaji.

Ghorofa, hoteli, ofisi

Mambo hugeuka jengo likikua. Kwenye hoteli ya vyumba 60 au ofisi ya ghorofa nane, BIM kamili silalamikii bei yake. Bomba la AC, boriti, waya na bomba la maji machafu vyote vinagombea nafasi moja juu ya dari, na kugundua mgongano kwenye kompyuta kunaokoa kutoboa zege baadaye. Hapo akiba ya nishati inakuja juu ya akiba ya ujenzi, na mmiliki analipa umeme wa biashara mchana kutwa.

Uamuzi mkubwa huko ni kioo. Kioo kimoja cheupe kinapitisha karibu asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Kioo chenye utando maalumu wa kurudisha joto kinaweza kushuka hadi karibu asilimia 30, kwa bei ya juu zaidi. Kabla ya kuamua kununua hicho cha ghali kwa jengo zima, iulize modeli kuhusu chaguo la tatu: je, kioo kikipunguzwa nusu na ukuta ukaongezwa? Mara nyingi jibu hilo ndilo la bei rahisi kuliko yote, na ndilo ambalo muuzaji wa vioo hatakupa. Kwa miradi ya ukubwa huu cheti cha EDGE kina maana pia, kwa kuwa mabenki na wapangaji wakubwa hukiangalia.

Anayetaka kujielimisha kabla ya kukutana na mbunifu, UN-Habitat ilitoa mwaka 2014 kitabu kizima cha usanifu wa majengo kwa hali ya hewa ya Afrika Mashariki, kinapatikana bure mtandaoni, na michoro yake inaeleweka hata kwa asiye mhandisi.

Ukifika kwenye mkataba, usiandikiwe "BIM" peke yake. Andika unachonunua: machaguo matatu ya mwelekeo na paa yatakayolinganishwa kabla ya mchoro wa mwisho, joto la kila chumba cha kulala kwa mwezi wa Februari, ukubwa wa AC kwa kila chumba, na faili la IFC litakalokabidhiwa kwako. Gawa malipo ili awamu ya kwanza iende kwenye ulinganisho huo, na usitoe ya pili kabla hujauona. Ofisi ikikataa masharti hayo, chukua pesa yako kwa mbunifu wa kalamu na kikokotoo aliye tayari kuja kiwanjani saa kumi na nusu alasiri.